Kibao cha Baba kwenye Swichi

Wiki iliyopita walisimamisha nguzo mpya mbele ya nyumba yangu hapa Iringa, na tangu siku hiyo dirisha la sebuleni silifungui. Majirani wamefurahi, maana ile ya zamani ilikuwa imeinama miaka mingi ikisubiri upepo wa kuimalizia. Mimi nimefurahi pia, kwa mdomo. Lakini nguzo mpya ina harufu yake, ile ya dawa nyeusi inayonyweshwa mti ili mchwa wasiule, na jua la mchana likiipiga, harufu hiyo huingia ndani bila hodi. Mwingine atakuambia ni harufu ya lami. Kwangu mimi ni harufu ya baba, na nikishaisikia, kazi za siku hiyo hazifanyiki vizuri.

Baba alikuwa fundi wa laini za umeme. Alianza kwenye kiwanda cha mbao pale Mafinga, akimenya magome ya miti iliyokuwa ikigeuzwa nguzo, kisha akaona heri azifuate nguzo huko zinakokwenda. Akawa kibarua wa kuchimba mashimo. Halafu mvuta waya. Halafu mtu wa chini, yule anayewafungia wenzake vifaa kwenye kamba wavivute juu. Ilimchukua miaka mpaka akawa mpandaji, mwenye mkanda wake kiunoni na vyuma vyake miguuni, na wapandaji ndio waliokuwa mabwana, wakitembea mjini kwa madaha hata siku wasiyokuwa na kazi. Ninapoanza kumkumbuka vizuri alikuwa tayari foromani wa kundi la watu wanane, chini ya mkandarasi mmoja wa Mbeya. Nyumbani alikuwa mgeni.

Mama alifariki kabla sijajua kumkumbuka. Nililelewa na shangazi, dada yake baba, katika nyumba ya tofali za kuchoma mwisho kabisa wa Mafinga, pale mji unapokwisha na msitu wa mipaina unapoanza. Shangazi alikuwa mtu mwema mwenye shughuli nyingi. Alikuwa na meza ya mitumba sokoni. Alitoka na ukungu wa asubuhi, akarudi na ukungu wa jioni, na mtoto mwingine nyumbani hakuwepo. Nikitoka shule nilikuta mlango umefungwa na ufunguo chini ya ndoo. Nilizoea kuongea na vitu. Nililisalimia jiko, nikaliambia mwalimu kamchapa nani na mimi nimekuwa wa ngapi, kisha nikakaa kwenye kizingiti kusubiri mtu yeyote apite. Baridi ya Mafinga mnaijua. Ikimkuta mtoto peke yake ndani ya nyumba, hainyimwi nafasi.

Baba alikuja mara moja kwa mwezi, pengine miezi miwili. Harufu ile ilikuwa kwenye koti lake, kwenye kucha zake, hata kwenye kikombe alichonywea chai. Alileta viazi kama alitoka Kilolo, au mchele kama alitoka Mbeya, akalala kutwa nzima, akaamka na kuniuliza niko darasa la ngapi. Simsemi vibaya, alikuwa amechoka. Siku moja, wakati anafunga kamba za viatu ili aondoke tena, nilimuuliza nitajuaje kama yuko kazini.

"Umeme ukikatika," alisema, "ujue baba yako yuko juu ya nguzo."

Nadhani aliyasahau maneno hayo kabla hajafika barabarani. Mimi niliyafanya imani. Tangu hapo kila umeme ulipokatika nilijua ni baba ananisalimia. Enzi hizo, wa rika langu mtakumbuka, simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa tu, kwa hiyo sikuwa na salamu nyingine. Majirani walilaani, mimi nikajawa na fahari kwamba wanamlaani baba yangu. Siku moja nilimwambia shangazi siri hiyo, naye alikuwa amesimama na pasi iliyopoa mkononi.

"Basi umwambie baba yako," alisema, "mwungwana hungoja mwenzake amalize sketi."

Lakini yalipotokea majuma ambayo umeme haukukatika hata mara moja, watu wakashukuru Mungu, mimi nililia chini ya blanketi.

Nilipokuwa darasa la pili, kundi la baba lilipewa kazi ya kubadilisha nguzo zilizooza kwenye laini ya kuelekea Igowole. Swichi ya laini hiyo ilikuwa nyuma ya yadi ya mbao, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu: mkono wa chuma uliofungwa kwenye nguzo, kimo cha kifua cha mtu mzima. Ukiushusha, laini yote inakufa, na nyumba yetu pamoja nayo. Ukiupandisha, inafufuka. Nilidhani sasa nitamwona baba kila siku. Wapi! Foromani alilala kwenye hema huko porini kulinda vifaa, na kilichonikaribia kilikuwa swichi yake tu.

Aliyeilinda swichi alikuwa Mzee Kihwele, mtu wa Kilolo, ambaye mafundi walimwita Babu Swichi. Zamani naye alikuwa mpandaji. Goti lilipomkataa walimshusha, na kwa kuwa kazi ya laini haina ngazi ya kushukia, wakamweka hapo, akae kwenye kipande cha gogo kuanzia asubuhi hadi mafundi watakapomaliza. Alikuwa kibarua tangu ujana wake. Safari hii alikuwa ameahidiwa barua ya ajira ya kudumu, kazi ya Igowole ikiisha, na alikuwa akiitaja barua hiyo kama wakulima wanavyoitaja mvua. Ikifika, alisema, atampelekea mke wake nyumbani aisome mwenyewe, kwa sababu mke wake alikuwa amesoma kumzidi na hakuamini kitu kisichoandikwa.

Nilianza kwenda pale kila nikitoka shule. Babu Swichi hakunifukuza. Alikuwa na moto mdogo wa vipande vya mbao, na alinipa nafasi upande usiokuwa na moshi. Alinisikiliza. Niliacha kuongea na jiko. Siku za mwanzo nilimuuliza juu ya vibao viwili vyekundu vilivyokuwa vimefungwa kwa waya kwenye mkono wa swichi, vyenye maandishi meupe: USIWASHE, WATU WAPO JUU.

"Hiki ni cha baba yako," alisema. "Hiki kingine ni cha wale wanaofunga transfoma kule kiwandani. Kila mkubwa wa kundi anatundika chake kabla watu wake hawajapanda. Na hakitoi mtu mwingine. Hata aje Rais, hakitoi. Aliyekitundika ndiye anayekitoa."

"Kikitoka je?"

"Kikitoka, mjukuu, ujue baba yako ameshuka, ameosha mikono, anarudi."

Mtu mzima akiyasikia hayo ataelewa kwamba kushuka kunatangulia na kibao kinafuata. Mimi nilielewa kwamba kibao ndicho kinachomshikilia baba kule juu. Jioni nyingi nilikitazama kile kibao nikakichukia, kipande cha bati kisichozidi daftari langu, ambacho kilikuwa na baba kuliko mimi.

Baba alikuwa ameahidi kwamba kazi ikiisha atakaa nyumbani siku mbili nzima kabla ya kwenda kwingine. Nilikuwa nimezipangia siku hizo. Ya kwanza atanipeleka shule wanafunzi wote wamwone; ya pili tutakwenda kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Alhamisi dereva wa lori lao alisimama mlangoni kwetu bila kuzima injini na kumpa shangazi ujumbe. Kesho wanamaliza. Wakimaliza wanakwenda Mbeya moja kwa moja, kuna kazi ya haraka, foromani atakuja Krismasi. Krismasi ilikuwa mbali kiasi kwamba sikujua kuihesabu. Shangazi alinishika kichwa akasema pole, mama, akarudi kumenya viazi.

Ijumaa ilikuwa ya ukungu mzito. Nilifika kwenye swichi nikiwa nimeshaamua. Babu Swichi alikuwa mwenyewe, koti limefungwa hadi kidevuni, na vibao vyote viwili vilikuwa mahali pake. Alinitazama usoni akaniuliza nimelia kwa nini. Nikamwambia nina njaa. Haikuwa uongo kamili, sikuwa nimekula, lakini si njaa iliyokuwa ikinisumbua.

"Toka asubuhi?" aliuliza. "Na shangazi yako anajua?" Akatazama barabarani, akautazama mkono wa swichi, akanitazama tena. "Kaa hapa. Usiguse kitu. Kibanda cha chai kipo pale tu, nakuja sasa hivi."

Aliondoka akichechemea. Ukungu ulipommeza nilipanda juu ya gogo lake, nikaufungua waya kwa vidole vyangu viwili, nikakitia kibao cha baba ndani ya sweta, nikakimbia. Nilipita katikati ya marundo ya mbao, bati likinichoma tumboni kwa baridi, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilijua kwamba wakati uleule, mahali fulani kwenye njia ya Igowole, baba ameanza kushuka.

Nyumbani niliwasha moto nikabandika maji yake ya kuoga. Nikavaa gauni langu la kanisani. Nikakaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani, nikitazama balbu. Haikupita nusu saa, nadhani, ikawaka. Iliwaka kufumba na kufumbua, ikazimika, na kwa mbali nikasikia mlio mmoja kama mtu ameangusha bati kubwa. Nilipiga makofi. Kibao kimetoka, umeme umewaka, baba ameshuka. Nikaenda kuongeza kuni.

Yaliyotokea huko niliyajua baadaye, vipande vipande, kwa kusikiliza wakubwa wakiongea. Babu Swichi alirudi kutoka kibandani akakuta sipo. Hakutazama swichi. Alitazama mipaina, ambayo ndani yake mtu mzima anaweza kuzunguka kutwa nzima wakati wa ukungu, akaingia kunitafuta huku akiita. Akiwa huko, mtu wa lile kundi la transfoma alifika kutoa kibao chao, maana wao walikuwa wamemaliza. Alikuta kibao kimoja tu, cha kwao, na mlinzi hayupo. Akaona wenzao wamemaliza mapema wakaondoka na mlinzi wao. Akapandisha mkono wa swichi.

Baba alikuwa juu, kwenye nguzo ya tatu kutoka mwisho. Kilichomwokoa ni ethi, ule waya ambao mafundi hufunga kutoka kwenye laini hadi kwenye chuma kilichopigwa ardhini, ili umeme wa bahati mbaya ukimbilie chini kabla haujamfikia mtu. Wengine huona uvivu kuufunga kazi ikikaribia kwisha. Baba aliufunga. Umeme ulipiga kishindo ukajikata wenyewe, lakini moto wake ulimfikia mikononi na upande mmoja wa uso, akabaki ananing'inia kwenye mkanda mpaka wenzake walipomshusha.

Shangazi alikuja kunichukua mbio, akanikuta na gauni la kanisani mbele ya maji yaliyokuwa yakichemka. Hakuuliza. Alisema tu baba amepatwa na shoti, yuko hospitali, yuko hai. Niliomba kwenda chooni kwanza, na kile kibao nikakitumbukiza shimoni.

Baba aliruhusiwa baada ya siku chache, akaletwa nyumbani, mikono yote miwili imefungwa bandeji nyeupe. Nilikuwa nimempata. Kila siku nilipotoka shule mlango ulikuwa wazi na yeye alikuwa ndani. Nilimlisha ugali tonge kwa tonge, nikamfuta mdomo, nikamsomea kitabu changu cha darasa la pili mara nyingi mpaka akakijua kwa moyo. Alicheka nilipomfungia vifungo vya shati kombo. Ningesema uongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi mchana, na nikilala nilisikia mtu akiita mipainani.

Wiki ya pili alikuja bosi kutoka Mbeya, na kwa kuwa baba alikuwa hawezi kusafiri, kikao kilifanyika sebuleni kwetu. Babu Swichi aliletwa naye. Alivaa koti lilelile, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Bosi alimuuliza kibao kilikwenda wapi, akasema hajui. Alimuuliza yeye mwenyewe alikwenda wapi.

"Alikuja mtoto wa foromani," alisema Babu Swichi. "Alisema ana njaa. Nikaenda kumtafutia kitu. Kurudi, hayupo. Nikaingia msituni kumtafuta, nikajua amepotea."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba.

"Ulikwenda kwenye swichi?" baba aliuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa amenigeuzia ule upande wa uso ulioungua.

"Hapana," nilisema. "Nilikuwa nyumbani."

"Mtoto nilimkuta hapa hapa ndani," alisema shangazi, naye alisema kweli. "Amevaa gauni la kanisani, anachemsha maji."

Ilikuwa majira ya ulanzi. Wa kwetu wanajua: mvua zikishika, mianzi hutoa pombe yake tamu, na kila mzee anayeyumba hupewa sababu moja tu. Bosi alishusha sauti, akamuuliza kwa heshima, "Mzee wangu, siku ile ulikuwa umeonja kidogo?"

"Sikuonja, bosi."

"Lakini mtoto ulimwona."

Babu Swichi alinitazama. Nimejaribu miaka yote hii kuona hasira katika macho yale, maana hasira ingenisaidia, na sijaiona. Alikuwa akinikagua tu, polepole, kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayelinganisha. Ningeweza kufungua mdomo. Nilifikiri kwamba nikisema, baba atajua ni mimi niliyemuunguza, ataondoka na hatarudi hata Krismasi. Nikashika nyuma ya kiti.

"Labda nimezeeka," alisema mwishowe, na barua aliyopewa kusaini haikuwa ile aliyokuwa akiisubiri.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, na waliokula ni wa kwake Kihwele.

Baba hakupanda nguzo tena. Vidole vyake havikurudi kukunja vizuri. Mkandarasi alimpa kazi ya kufundisha mafundi wapya kwenye karakana yake Mbeya, kazi ya mchana, ya kurudi nyumbani kila jioni, naye akanichukua tukaishi wote nyumba ya kupanga Uyole. Unaona nilivyolipwa. Na somo lake la kwanza kwa kila kundi jipya lilikuwa moja. Aliinua mikono yake akaionyesha, akasema: kibao peke yake hakitoshi, funga na kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako, kwa sababu mimi niliweka maisha yangu mikononi mwa mlinzi aliyeonja ulanzi akaona watoto msituni. Vijana walicheka, wakakumbuka. Wanafunzi wake walitawanyika Mbeya, Iringa na mbele zaidi, na kila walikokwenda walifunga kufuli na kusimulia kisa hicho. Alikisimulia hata mezani kwetu wageni walipokuja. Nilikuwa mtoto mwenye bidii sana ya kuosha vyombo.

Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikaachika, nikapata kazi Iringa, na kila nilipokwenda Mbeya kumwona nilibeba maneno hayo, nikarudi nayo. Nilikuwa na baba, na sikuweza kukaa naye chumba kimoja bila kuwa peke yangu. Mwaka huu amekufa, usingizini, mikono yake mibaya juu ya shuka.

Tulimzika Mafinga. Baada ya sala alisimama mwanafunzi wake mmoja, siku hizi mhandisi mwenye kitambi, kutoa wasifu wa marehemu, na katikati ya wasifu akasimulia kisa cha mlinzi wa ulanzi. Alikisimulia vizuri. Aliigiza hata mwendo wa kuyumba, na waombolezaji, ambao walihitaji kucheka, walicheka. Nilisimama kando ya udongo mbichi nikatambua kwamba kisa hicho sasa kitaishi kuliko sisi wote, na kwamba duniani, mbali na mimi, amebaki mtu mmoja anayejua si kweli. Nilikuwa nimekosea. Hata huyo mmoja hakuwepo, kwa sababu mimi nilikuwa sijawahi kuusema ukweli, na Babu Swichi, kama nilivyokuja kuona, alikuwa ameacha kujua zamani.

Wiki mbili baada ya matanga nilikwenda Kilolo. Haikuwa kazi kumpata. Mzee Kihwele wa zamani wa laini, watu walimjua. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake akichambua maharage kwenye ungo, mwembamba, kofia ya sufu hadi masikioni.

"Kamwene, babu," nilisema.

"Kamwene, mwanangu. Karibu. Mama hayupo, yuko kwenye jumuiya ya kanisa."

Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia mimi ni nani. Kisha nikamwambia yote kwa mara moja, bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika nitaaga. Njaa, kibao, sweta, choo. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nilipomaliza, halafu mikono yake ikasimama.

"Sema tena," alisema. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, babu. Nilisema uongo."

"Nilikwenda kukununulia nini?"

"Sijui. Nilikimbia kabla hujarudi."

"Mandazi mawili," alisema. "Nilikaa nayo mfukoni siku tatu. Nikawa nayatoa nayatazama. Nikajiuliza, kama mtoto hakuwepo, haya nilimnunulia nani?" Alipumua. "Halafu nikayala. Baada ya hapo sikuwa na kitu tena cha kujiuliza. Mke wangu alisema ni ulanzi, mchungaji akasema ni ulanzi. Na mimi nikasema basi ni ulanzi. Niliungama kanisani, mwanangu, mbele ya watu. Nikaacha kunywa, na siku ile nilikuwa sijanywa."

Nilianza kulia, nikataka kushuka kwenye kigoda nimpigie magoti. Alininyooshea kiganja.

"Ngoja," alisema. "Msamaha tutaongea. Kwanza umngoje mama. Akirudi, mwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze."

Tulingoja. Sitasahau kungoja kule. Hakuniuliza habari za baba wala za kwangu. Alichambua maharage haraka kuliko mwanzo, akitazama njia, na mara mbili aliuliza saa ngapi. Mwishowe akatokea bibi mrefu, kitenge cha kanisa, Biblia ndani ya kikapu. Alinisalimia kwa furaha akidhani ni mgeni wa kawaida.

"Mama Tumaini, keti," alisema mzee. Tumaini ni mtoto wao wa kwanza. "Huyu ni mtoto wa foromani. Yule wa kwenye swichi. Msikilize."

Nikasema tena. Safari hii nilisema taratibu, kwa sababu alikuwa mtu asiyeamini haraka, na nilitaka aamini. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye kile kikao cha sebuleni, na neno langu moja nililolisema nyuma ya kiti cha baba, aliweka kikapu chini. Nikangoja anilaani. Nilikuwa tayari, kusema kweli, ndicho nilichokifuata.

Alisimama akanipita kama vile kigoda changu hakina mtu. Akaenda mbele ya mume wake, akashika magoti yake mwenyewe, akashuka chini kwenye maganda ya maharage, polepole, kwa shida ya uzee.

"Baba Tumaini," alisema, "nisamehe. Ulikuwa ukiniambia."

Mzee alimwekea mkono begani. Machozi yakamtoka. Wakaanza kuongea kwa Kihehe, chini chini, maneno ambayo mimi niliyekulia Uyole sikuyaelewa. Nilikuwa nimesafiri kwenda kuomba msamaha, na sasa uliombwa na mtu mwingine, kwa kosa langu, akapewa. Mimi hakuna aliyenikumbuka. Nilikaa kwenye kigoda mpaka jua likaanza kushuka, kisha nikauokota mkoba wangu, nikatoka uani bila kuaga, nikaifuata njia ya kurudi barabarani.